Watoto wanatunga kaulimbiu badala ya mashairi: nawafundishaje kuandika kuhusu mazingira yao kwa matumaini ya kweli?

MwalimuUporoto, Mbeya Vijijini

Wazee wangu shikamooni, na walimu wenzangu poleni na kazi.

Ninafundisha Kiswahili darasa la tano katika shule ya msingi iliyoko huku Uporoto, na vilevile ni mlezi wa klabu ya mazingira. Juma lililopita niliwapa wanafunzi wangu, ambao ni 74, kazi ya kutunga ubeti mmoja mmoja kuhusu mazingira ya kijiji chao, nikawaeleza kwamba shairi lao limpe msomaji matumaini. Jioni nilipoketi kusahihisha, daftari la kwanza lilianza hivi:

*Mazingira ni uhai, tuyatunze sote pia,*
*Tusikate miti hai, jangwa litatuingia.*

Nilifurahi, maana vina vilikuwa vimekaa mahali pake na mizani ilikuwa imetimia. Nikafungua daftari la pili, nalo likaanzia kwenye uhai na kuishia jangwani. La tatu vivyo hivyo. Nilipofika la thelathini niliweka kalamu chini, kwa kuwa nilikuwa nimesoma habari za jangwa kutoka kwa watoto ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona. Wanakaa mahali ambapo mvua hunyesha tangu Novemba hadi Mei, na ambapo asubuhi za mwezi huu wa Julai ukungu huuficha mlingoti, hata paredi ikaimba Wimbo wa Taifa bila kuiona bendera yenyewe. Ukungu huo hakuna aliyeuandika. Wala hakuna aliyeandika maua meupe ya pareto, ambayo wengi wao huyachuma kwa vidole vyao msimu ukifika, wala sakitu, ile baridi kali inayogandisha umande, ingawa juma lilo hilo sakitu ilikuwa imeunguza viazi vya familia nyingi za darasa lile.

Siwalaumu watoto. Walinipa walichodhani ninakitaka, na mfano niliouandika ubaoni siku ile ulikuwa na neno jangwa.

Naomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, je, nianze na vina na mizani, au nivisubirishe mpaka mtoto awe na jambo la kusema? Pili, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, matumaini hufundishwaje? Mtoto ambaye amemwona mama yake amesimama kimya kwenye shamba lililoungua, nikimwambia aandike ubeti wenye matumaini, naona kama ninamwomba aseme uongo kwa lugha nzuri. Kipindi ni cha dakika 40, vitabu vya ziada hatuna. Nilicho nacho ni ubao, chaki, na mlima ulio nyuma ya darasa.

MstaafuTukuyu, Rungwe

Marahaba, mwanangu. Swali lako la pili litajibika lenyewe ukishughulika na la kwanza kwa njia inayofaa, kwa hiyo nitaanza na hilo.

Vina na mizani viweke kando kwa majuma matatu au manne. Anza na vitendawili. Mtoto wa kwetu huanza kutega na kutegua kabla hajajua kusoma, na kitendawili ni shairi zima ndani ya sentensi moja: kinamlazimisha mtegaji akitazame kitu mpaka akione kwa sura nyingine, kisha aifiche ile sura kwa maneno machache. Watoe watoto nje, kila mmoja achague kitu kimoja, akae nacho kwa muda wa kipindi kizima bila kuzungumza na mwenzake, na arudi na kitendawili cha kukitegea darasa. Masharti yangu yalikuwa mawili tu: jina la kitu lisitajwe, na kisisemwe chochote ambacho mtoto hakukiona alipokuwa akikitazama.

Nakumbuka asubuhi moja, ukungu ukiwa bado haujaondoka, mvulana mmoja alisimama akasema, "Kitendawili!" Tukaitikia, "Tega!" Akasema, "Babu anaamka amejifunika shuka jeupe, saa nne analivua." Darasa zima likageukia dirishani kuutazama Mlima Rungwe. Siku hiyo hiyo msichana aliyekuwa amekaa chini ya mgomba alitega hivi: "Shati langu limechanwachanwa na upepo, na bado ndilo mwavuli wangu." Ninyi mnaoijua Tukuyu mnajua jani la mgomba linavyoonekana msimu wa upepo, na mnajua ni watoto wangapi wamefika shuleni wakiwa wamelishika juu ya vichwa vyao. Mwalimu, tazama vizuri maneno ya mtoto yule. Sikuwa nimemtajia matumaini hata mara moja. Aliyaokota pale pale chini ya mgomba, pamoja na ule mchaniko.

Jambo la pili ni majina. Kwa juma zima niliwakataza watoto kuandika "mti", "ndege" na "ua". Aliyeandika mti alirudi nyumbani kumuuliza bibi yake ni mti gani, na kama jina la Kiswahili halikupatikana aliliandika la Kinyakyusa. Mwaka 2005 wanasayansi waliutangazia ulimwengu kwamba kuna kima ambaye alikuwa hajawahi kuandikwa vitabuni, anayeishi katika misitu ya Rungwe na Kitulo na kule Udzungwa. Huku kwetu wawindaji na wazee walikuwa wakimjua tangu zamani kwa jina la kipunji, na ndilo jina analotumia mpaka leo hata katika vitabu vya kisayansi. Niliposimulia habari hiyo darasani, watoto waliacha kuona haya kuleta majina ya nyumbani. Mtoto anayelijua jina la kitu hujiona ni jirani yake, na ujirani huo ndio unaotafutwa katika mashairi ya namna hii.

MalengaIringa, Iringa Mjini

Mzee wangu wa Tukuyu, shikamoo, na nimejifunza kwako. Hata hivyo naomba kutofautiana nawe kuhusu kuviweka kando vina na mizani, kwa sababu nimeona watoto wengi waliosubirishwa hivyo wakaviogopa maisha yao yote, kama mtoto anayekatazwa kuingia mtoni mpaka ajue kuogelea.

Kwa maoni yangu, kilichoharibu zile beti 74 ni vina vilivyopatikana bila kutafutwa. Kina cha "-ai" na cha "-ia" humwita mtoto kwenye "uhai" na "kuingia" kabla hajafikiri, na mwalimu anapoviandika ubaoni anakuwa amekwisha kuwatungia. Usimpe mtoto kina. Mwambie aandike kwanza mshororo mmoja wa kweli, jambo aliloliona yeye mwenyewe leo, kisha vina vitoke kwenye maneno ya mshororo huo. Atahangaika. Mahangaiko hayo ndiyo yenye faida, kwa sababu anapolitafuta neno linaloishia kwa sauti fulani huokota jambo ambalo hakukusudia kulisema, na mara nyingi jambo hilo ndilo bora kuliko lile alilolikusudia.

Kuhusu mizani, tumia maharage. Kila mtoto aje na punje 16 mfukoni. Anapanga punje nane upande wa kushoto, ambazo ni ukwapi, na nane upande wa kulia, ambazo ni utao, halafu anautamka mshororo wake polepole huku akisogeza punje moja kwa kila silabi. Punje ikibaki, mshororo umepungua. Akikosa punje, umezidi. Hapa pana kikwazo ambacho inafaa ukitangulie: watoto hukosea sana kwenye sauti "m". Neno "mti" lina mizani mbili, kwa kuwa "m" inasimama peke yake, lakini "mvua" nayo ina mizani mbili tu, kwa kuwa "mvu" hutamkwa kwa pamoja. Waache wayatamke maneno hayo kwa kupiga makofi mpaka sikio lenyewe litambue. Nimewaona watoto wa miaka 10 wakibishana juu ya punje moja ya harage kwa bidii ambayo hawajawahi kuionyesha katika somo lolote la sarufi.

Darasa kubwa kama lako linaweza pia kujaribu ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizieneza mashuleni miaka ile ya Azimio la Arusha. Wagawe watoto wawiliwawili. Huku kwetu niliwapa Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka sehemu za chini wakati wa kiangazi: mmoja akawa mto, mwingine akawa mkulima wa mpunga wa Usangu anayehitaji maji ya mto huo huo ili watoto wake wale. Kwa desturi ngonjera huishia kwa mmoja kukubali kwamba amekosea. Mimi niliwaruhusu wasikubaliane. Jozi moja iliishia kwa mto kuuliza, na mkulima kukaa kimya, na nilipowauliza kwa nini, walisema kwamba mkulima bado anafikiri. Niliwaachia hivyo hivyo.

MzaziUyole, Mbeya

Naomba kuuliza kwa kifupi: mwanangu yuko darasa la pili na kuandika kwake bado ni kwa shida. Je, haya yote yanamfaa, au asubiri akue?

MstaafuTukuyu, Rungwe

Asisubiri. Yeye aseme, wewe uandike vile vile alivyosema bila kumsahihishia hata neno, kisha umsomee. Mtoto akiyasikia maneno yake mwenyewe yakirudi kutoka kwenye karatasi, kesho yake atakuja na mengine.

MtunzaMiche, Mafinga

Mimi si mwalimu wa lugha; kazi yangu ni miche na miti, na huku Mufindi ndiko liliko shamba kubwa la miti la Sao Hill, kwa hiyo huitwa mara kwa mara shuleni siku za kupanda miti na kusomewa mashairi. Nina ombi moja kwa walimu: mtusaidie watoto wasiandike miti ambayo haipo.

Nitatoa mfano. Mwaka jana nilisomewa shairi zuri sana kuhusu msindano uliokatwa, kisha kisiki chake kikachipua tena kwa sababu mti haukati tamaa. Watu wazima walipiga makofi. Lakini msindano ukiukata, kisiki chake hakichipui. Umekufa, na asiyepanda mwingine hana msindano. Mkaratusi ndio unaochipua kisikini, tena kwa wingi, mpaka mkulima inambidi apunguze machipukizi abakize mawili au matatu. Watoto wa Mafinga wanapita kati ya visiki vya aina zote mbili kila siku wakienda shule. Nilimwita mtunzi wa lile shairi, mtoto mwenye akili sana, tukaenda pamoja nyuma ya shule tukavitazama. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo msindano unatutegemea sisi?" Nikamwambia ndiyo. Naamini shairi lake la kweli lilianzia kwenye swali hilo, na lina matumaini mazito zaidi kuliko lile la kwanza, kwa kuwa sasa yeye mwenyewe yumo ndani yake akiwa ameshika mche.

Walio karibu na miombo, yaani wenzetu wa Chunya na wa mabonde ya Iringa, wana zawadi ambayo sisi wa huku juu kwenye baridi hatuna. Miombo hupukutisha majani kiangazi, nchi ikawa kama imeungua, kisha mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla tone la mvua halijaanguka, hutoa majani mapya mekundu, mengine ya rangi ya shaba, na kilima kizima kikawaka. Mti hauna uhakika wowote wa mvua, nao unajivika. Mpelekeni mtoto pale mwezi huo, mwacheni atazame, wala msimweleze maana yake.

Ninachopendekeza kwa Mwalimu wa Uporoto ni daftari la mmea mmoja. Kila mtoto achague mmea mmoja ulio njiani kwake, hata ukiwa mgomba, mparachichi au jani la porini, na kila Ijumaa aandike sentensi moja tu juu yake, akiweka na tarehe. Majuma mengine ataandika kwamba hakuna kilichobadilika, na hilo nalo aliandike. Zikitimia sentensi 30 au zaidi, azisome mfululizo kwa sauti. Mimi nimesomewa daftari moja la namna hiyo, na lilikuwa halina kina hata kimoja, lakini tulipofika mahali palipoandikwa "Leo nimeona jani la kwanza, lina ukubwa wa kucha yangu," nilisimamisha usomaji nikaomba lirudiwe.

BintiBena, Njombe

Kamwene nyote. Nimesoma kuanzia juu nikasita kuandika, lakini swali la Mwalimu kuhusu mtoto kuombwa aseme uongo limenigusa, na nadhani nina deni la kulijibu.

Ninamlea mtoto wa marehemu kaka yangu, mwenye miaka 12. Kaka alikuwa mgema ulanzi, pombe ya mianzi. Kwa wasioijua kazi hiyo, mwanzi mchanga hukatwa ncha unapochipua masika, kisha mgema huukata kidogokidogo asubuhi na jioni ili utomvu utiririke ndani ya mbeta, yaani chombo cha kukingia, na mwanzi unaogemwa hivyo haupati kurefuka. Masika yaliyofuata baada ya msiba, shule anayosoma mtoto ilitoa kazi ya shairi kuhusu uzuri wa mazingira. Aliandika maneno haya, nami ninayakumbuka kwa moyo:

*Masika haya mianzi ya baba haikugemwa.*
*Imekuwa mirefu kuliko nyumba.*
*Upepo ukija inainama mlangoni*
*kama mtu anayetaka kupiga hodi.*

Daftari lilirudi likiwa na maandishi ya wino mwekundu: "Huzuni imezidi. Ongeza matumaini." Naye, kwa kuwa ni mtoto mtiifu, alikaa mezani usiku ule akaandika mistari minne ya ndege wanaoimba na jua linalong'aa, akapewa alama nzuri. Tangu siku hiyo hakuandika tena habari za mianzi.

Sina kinyongo na mwalimu yule, kwa maana naamini alitaka kumtoa mtoto kwenye simanzi. Lakini ninawaomba ninyi mnaoshika kalamu nyekundu mnisikie. Mianzi ile ilirefuka kwa sababu mkono ulioikata haupo tena. Mtoto aliliona hilo peke yake. Aliuona uchungu na aliona kitu kinachokua katika sehemu ile ile ya uchungu, akaviandika vyote viwili bila kukificha kimoja, halafu akakileta hadi mlangoni kikapige hodi. Mimi mtu mzima nilikuwa nikipita kwenye mianzi ile kila siku nikiona tu kwamba haina mwenyewe. Ni yeye aliyenionyesha urefu wake.

Kwa hiyo jibu langu kwa Mwalimu ni kwamba usiwaombe matumaini. Waombe walichokiona, wakupe chote. Na mtoto akikuletea shairi lenye huzuni, kabla hujaandika neno lolote pembeni, lisome mara tatu ukitafuta ni kitu gani ndani yake bado kinaishi, kisha mwambie, "Hapa kwenye mianzi, niambie zaidi." Maneno hayo matano yangemtosha mtoto wangu.

MwalimuUporoto, Mbeya Vijijini

Nimerudi baada ya majuma matano, na ninaomba radhi kwa kukawia; nilitaka nije na kitu mkononi.

Dada wa Njombe, nilipolisoma andiko lako nilikwenda kuyafungua upya madaftari yote ya muhula uliopita, nikitafuta ni wapi nami niliandika maneno kama yale. Nilipapata mahali pawili. Watoto hao wawili nimekwisha kuzungumza nao.

Nilianza na vitendawili, kama alivyosema Mzee wa Tukuyu. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu, maana watoto 74 kwenda nje kwa pamoja ni wengi, na nusu yao walichagua jiwe lililokuwa karibu ili wapate kukaa juani. Siku ya pili niliwagawa makundi mawili, kundi moja likabaki ndani likinakili, na mambo yakatulia. Kitendawili kilichonikaa zaidi kililetwa na mvulana ambaye kwao ni upande wa Isyonje, kwenye barabara inayopanda kwenda Kitulo. Alitega hivi: "Nyumba yangu imezimwa taa, lakini wenyeji wote wamo." Tulishindwa kukitegua, tukampa mji, akatueleza kwamba ni uwanda wa Kitulo wakati huu wa baridi, nyasi tupu, huku viazi vya okidi vikiwa vimelala chini vikisubiri mvua ndipo maua yatoke. Anavijua viazi hivyo kwa sababu kuna watu huvichimba kwa siri ili vikauzwe hadi Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda, na amewahi kuyaona mashimo yaliyobaki. Nilimuuliza kama nyumba yenye mashimo nayo wenyeji wamo. Alifikiri, akasema, "Nitahesabu mwezi wa Januari." Hifadhi hiyo ina spishi zipatazo 45 za okidi, na watu wa huku waliiita Bustani ya Mungu kabla haijawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, lakini mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuifikiria kama nyumba yenye taa.

Baada ya hapo tulihamia kwenye maharage, na hapa nakubaliana na Malenga kwamba majuma mawili ya vitendawili yanatosha, kwa sababu watoto wenyewe walianza kudai vina. Yule msichana niliyemtaja mwanzoni, ambaye shamba la mama yake liliungua, hakuandika kitu kwa siku nne. Sikumsukuma. Siku ya tano alibaki darasani wakati wa mapumziko akipanga punje zake, na alipoondoka aliniachia ubeti huu mezani. Amenipa ruhusa kuuleta kwenu, mradi nisimtaje jina:

*Sakitu iliposhuka, majani yaliungua,*
*Mama hakutetereka, udongo akafukua,*
*Jicho dogo linacheka, jeupe linachipua,*
*Pole tukalifunika, tukalingojea jua.*

Nilimuuliza ni nani aliyemwonyesha jicho la kiazi. Alinijibu kwamba mama yake alimwita wapige magoti pamoja kwenye tuta, akafukua kwa vidole kwa sababu jembe lingelikata. Sikuwa nimemwambia aandike matumaini. Neno hilo nimelifuta kabisa ubaoni muhula huu.

Shida iliyobaki ni ya muda. Madaftari ya mmea mmoja tumeyaanza Ijumaa mbili zilizopita, lakini kuzisoma sentensi 74 kila juma, juu ya masomo mengine ninayofundisha, ni mzigo, na sitaki kuwaahidi watoto jambo kisha nilikatize mwezi wa Oktoba. Kwa sasa nasoma safu moja ya madawati kila Ijumaa, na walio katika safu nyingine wanasomeana wenyewe. Mwenye njia bora anielekeze.

MalengaIringa, Iringa Mjini

Endelea na safu moja kwa juma, na watoto wasomeane. Mtunzi anahitaji msikilizaji kabla ya msahihishaji.

Nimeuhesabu ubeti wa binti huyo kwa punje, na kila mshororo umetimiza 16. Nina mambo mawili ambayo ningependa umuulize, kwa upole, tena asipotaka kujibu umwache. Neno "pole" katika mshororo wa mwisho, je, alimaanisha kwamba walilifunika taratibu, au alikuwa akiliambia pole? Akisema ni yote mawili, mpongeze kwa niaba yangu. Na pale kwenye "linacheka" mtu mwingine atakuja kumwambia aandike "likicheka", kwa kuwa habari nzima imesimuliwa kwa wakati uliopita na mizani haitaharibika. Mwambie asikubali. Kisha mwombe ubeti wa pili, kuanzia pale jua lilipofika.